Mizuka ya baa za Savannah: maswali yenu

Wiki iliyopita niligusia tu kwamba Savannah, mji wa bandari kando ya Mto Savannah katika jimbo la Georgia, Marekani, una migahawa inayojinadi kwa mizuka kama wengine wanavyojinadi kwa supu. Sikutarajia ujumbe mwingi namna hii. Najibu michache.

Ni kweli kuna mgahawa wa maharamia wenye njia ya chini kwa chini hadi mtoni? (Msomaji, Bagamoyo)

Upo, unaitwa The Pirates' House, na wenyewe wanahesabu umri wake tangu 1753, ulipokuwa nyumba ya kulala mabaharia. Wageni huonyeshwa tundu la njia inayosemekana kutoka kwenye ghala la ramu hadi ukingoni. Husimuliwa kuwa baharia alileweshwa, akaburutwa humo, na alipozinduka meli ilishang'oa nanga. Hata polisi mmoja wa mji, wanasema, aliingia kupata glasi moja tu, akaamkia kwenye meli ya kwenda China, na kurudi kwake kukachukua miaka 2.

Ya polisi naipenda. Kwa maharamia nina neno. Blackbeard, haramia mashuhuri, aliuawa 1718; James Oglethorpe akaanzisha Savannah 1733, na miaka ya mwanzo hata ramu ilipigwa marufuku katika koloni hilo la Waingereza. Kufika 1753 enzi ya maharamia ilikuwa imeshapita. Waliokunywa pale ni mabaharia wa kawaida, mshahara wa safari nzima mfukoni, na mtu wa namna hiyo hahitaji haramia ili aibiwe.

Kuna mzuka hata mmoja ambaye kifo chake kinajulikana? (Msomaji, Nakuru)

Yupo: James Stark. Jengo lake ni City Hotel ya zamani, lililojengwa 1821, mwaka mmoja baada ya mji kuunguzwa na moto mkubwa mwezi Januari na kisha kuvamiwa na homa ya manjano iliyoua karibu watu 700. Tangu 1999 watu walilijua kama Moon River, kiwanda kidogo cha bia chenye mgahawa.

Mwaka 1832 Stark, mwanasiasa, alimtusi daktari kijana aitwaye Philip Minis kwa Uyahudi wake. Kwa waungwana wa wakati ule, jambo kama hilo lilimalizwa kwa bunduki, watu wawili wakisimama uso kwa uso uwanjani na mashahidi wao pembeni. Lakini wakashindwa kuelewana hata saa. Stark alikwenda uwanjani, Minis hakutokea, na Stark akarudi mjini akitamba. Kesho yake, tarehe 10 Agosti, Minis aliingia City Hotel. Stark akawa anashuka ngazi. Minis akamwita mwoga mbele za watu. Stark akapeleka mkono mfukoni. Minis akafyatua bastola, naye Stark akafa palepale. Daktari alikaa mahabusu miezi kadhaa, kisha baraza la mahakama likamwachia huru.

Kwa hiyo chupa ikianguka yenyewe kaunta, lawama ni za Stark. Kwangu kinachotisha ni ule mkono mfukoni, kwa sababu hukumu yote ilitegemea kilichodhaniwa kuwa humo.

Si biashara tu hii? (Msomaji, Dar es Salaam)

Biashara hasa. Usiku watalii huzungushwa mjini kwa magari ya kubebea maiti yaliyokatwa paa, vichwa nje kama abiria wa daladala ya kuchekesha. Pia majengo yenyewe yanasaidia: mbao kuukuu, vyumba vya chini vyenye unyevu, na mto unaopanda na kushuka kwa maji ya bahari. Lazima kitu kilie usiku. Na mashahidi wengi, tusisahau, wamehojiwa baa.

Mji ule ulijengwa na watumwa. Mbona mizuka wote ni mabwana? (Msomaji, Pemba)

Umenishika pabaya, maana hata mimi nimeanza na mabwana. Katika Olde Pink House, jumba la karne ya 18 ambalo inasemekana rangi yake ya waridi ilitokana na matofali mekundu kuvujia kwenye lipu nyeupe, mzuka ni mwenye nyumba, James Habersham Mdogo, aliyefariki 1799. Husemwa anawasha mishumaa. Nyumba ya tajiri kama huyo, mishumaa ilikuwa kazi ya nani alipokuwa hai?

Georgia ilianza kwa kukataza utumwa. Katazo likaondolewa 1751. Mwezi Machi 1859, kwenye uwanja wa mbio za farasi nje ya mji, Pierce Butler, bwana mwenye mashamba ya watumwa, aliuza zaidi ya watu 400 kwa siku 2 ili alipe madeni yake. Mwandishi wa gazeti la New York, Mortimer Thomson, alijipenyeza akijifanya mnunuzi, na aliandika kwamba siku kadhaa kabla ya mnada hoteli zote za Savannah zilijaa wanunuzi. Baa zilezile, meza zilezile: watu walikaa na glasi zao wakikadiria bei ya mpishi, bei ya seremala, bei ya mtoto. Baada ya mnada Butler aligawa dola moja kwa kila aliyemuuza, sarafu nne mpya za senti 25. Mauzo yalifika dola 303,850.

Kizazi cha waliouzwa bado kinaziita siku zile Wakati wa Kilio. Kwenye magari yale ya maiti, habari zinazouza ni za mishumaa.

Bibi alituambia jinamizi huingia kwa mlango. Wao hujikingaje? (Msomaji, Muscat)

Kwa rangi. Wagullah Geechee, wajukuu wa Waafrika waliofanywa watumwa katika pwani ile, hupaka buluu ya maji kwenye fremu za milango na madirisha na kwenye dari ya baraza. Pepo, wanasema, hawezi kuvuka maji, naye akiiona buluu hudhani ni maji. Wana pia kiumbe anayekukalia kifuani usiku ukashindwa kupumua. Bibi yako angemtambua bila mkalimani.

Na chakula? (Msomaji, Tanga)

Agiza wali mwekundu, unaopikwa na nyanya, binamu wa wali wa nyanya wa Afrika Magharibi. Waulize kama una nguruwe, kwa kawaida unao. Grits ni ugali wa mahindi uliolegea. Wakikuletea na kamba juu, usihangaike kuuliza mboga iko wapi.