Bomba limepasuka bwenini: la kufanya sasa

Mdogo wangu, pole sana kwa kurudi kutoka likizo ya Desemba na kukuta chumba chako cha bweni huko Minneapolis, mji wa Marekani wenye baridi kali, kimejaa maji kwa sababu uliacha dirisha wazi, baridi ikaingia na kugandisha maji ndani ya bomba hadi likapasuka. Maji yakiganda huongezeka ujazo kwa takriban asilimia 9, na shinikizo hilo ndilo hupasua bomba, ingawa mara nyingi mafuriko huonekana barafu inapoyeyuka. Usiguse kifaa chochote cha umeme kilicholowa. Piga picha, kisha mweleze msimamizi wa bweni ukweli wote kwa maandishi, hata habari ya dirisha, na usome mkataba wa malazi kabla ya kukubali deni lolote. Godoro na zulia vikaushwe ndani ya saa 24 hadi 48, visije vikaota ukungu.