Barua kwa mwanangu: jina lako na makaratasi ya Marekani

Mwanangu mpendwa,

Huku Moshi hatujambo, mama yako anakusalimu sana. Ujumbe wako nimeusoma. Unauliza mambo mawili: kama ni lazima uchukue jina la mume wako ili maombi yako ya ukaazi yasitiliwe shaka, kama alivyokutisha yule mwenzako wa kanisani hapo Minneapolis; na ukilichukua, uanze na karatasi ipi.

La kwanza jibu lake ni fupi. Si lazima. Huko hakuna sheria inayomlazimisha mke abadili jina, na hata hapa kwetu Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haidai hivyo. Mama yako nilimwoa kanisani mbele ya watu, na kitambulisho chake cha taifa cha NIDA hadi leo kina jina la babu yako wa Machame. Afisa wa uhamiaji anataka kuona kama mnaishi kama mke na mume: mkataba wa nyumba wenye majina yenu wote wawili, akaunti ya benki, kodi mnazolipa, picha na ndugu. Hizo ndizo za kukusanya tangu sasa. Ndoa yenu ikiwa bado haijafika miaka 2 siku watakayokuidhinishia, kadi ya kwanza itakuwa ya miaka 2 tu, na ndani ya siku 90 za mwisho mtaomba pamoja kuondolewa masharti kwa fomu I-751. Ushahidi uleule utaombwa tena.

Na usinifikirie mimi. Umezungukazunguka kulisema lakini nimekuelewa. Ukoo wa Massawe haufutwi na fomu ya Wamarekani, na ukija Krismasi utaitwa vilevile unavyoitwa. Ukipenda jina la mkwe wangu, lichukue kwa moyo mweupe.

Ninachokusihi ni kuamua kabla fomu I-485, yaani ile ya maombi ya ukaazi, haijaondoka mikononi mwako. Hiyo ndiyo inayozaa grini kadi, ile kadi ya ukaazi. Ukiandika jina la ndoa na kuambatisha cheti, kadi inatoka kwa jina hilo. Ukigeuza mawazo baada ya kadi kutoka, utajaza fomu I-90 ya kuomba kadi nyingine, utalipa ada yake, na utaanza kungoja upya.

Lakini kwanza toa cheti cha ndoa ukisome vizuri. Huko jimbo la Minnesota, jina utakalotumia baada ya ndoa huandikwa kwenye maombi yenyewe ya leseni ya ndoa. Uliandika nini siku ile? Kama uliacha jina lako kama lilivyo, basi cheti hicho hakiwezi kukubadilishia jina, na suala zima ni jingine: itabidi uende mahakamani. Kama uliandika jina jipya, litumie hilohilo, herufi kwa herufi, na uombe nakala kadhaa zilizothibitishwa kwenye ofisi ya kaunti. Fotokopi ya dukani haitapokelewa kila mahali.

Sisemi herufi kwa herufi kwa kupenda makuu. Unajua nilivyozeekea masjala ya mahakama. Wengi waliokuja kuapa viapo vya majina hawakuwa matapeli, walikuwa watu wa Kibosho na Marangu ambao karani mmoja aliwaandikia hivi na mwingine vile. Shangazi yako alistaafu ualimu akakuta faili la kazi lina Massawe, benki ina Masawe yenye s moja, na kitambulisho kina jina la mumewe. Mafao yalikaa hadi wakili akamwandikia kiapo kwamba watu hao watatu ni yeye mmoja. Mama wa watu alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja.

Na wewe unayo shida hiyohiyo. Cheti chako cha ubatizo kina s moja, pasipoti ina mbili. Fomu I-485 ina mahali pa kutaja majina mengine yote uliyowahi kutumia. Yaandike yote, hata hilo la ubatizo. Kulitaja hakukudhuru, wakilikuta wenyewe baadaye ndipo maswali yanapoanza.

Halafu jina la kati. Sisi tuna majina matatu, lako, langu na la ukoo, na Mmarekani akiona hivyo anajikatia anavyojua. Wewe ndiye uamue lipi linakaa wapi, kisha usikubali karani yeyote alifupishe kuwa herufi moja.

Mpangilio wa hayo mengine si mgumu. Ile fomu ya kibali cha kazi, I-765, ina mahali pa kuombea namba ya hifadhi ya jamii, na kadi ya namba hiyo hailipiwi. Ikifika, shughulikia leseni ya udereva, kisha benki. Mtihani wa unesi, NCLEX, ni wa kuangalia kwa jicho kali: jina kwenye kitambulisho lisipolingana na la barua ya ruhusa, hawakuingizi chumbani na ada imekwenda. Kwa hiyo usijiandikishe katikati ya kubadili jina.

Pasipoti yetu iache ilivyo kwa sasa. Kuibadili kunaanzia NIDA, na safari hiyo ni ndefu kwa mtu aliye mbali. Ukisafiri, kata tiketi kwa jina la pasipoti na ubebe cheti cha ndoa kwenye mkoba wa mkononi, siyo kwenye begi la chini. Na kabla grini kadi haijatoka, usivuke mpaka bila kibali cha kusafiri, hata kwa msiba. Ukivuka, maombi yako yatahesabiwa umeyaacha.

Uraia tutauzungumza wakati wake. Ukiwa mke wa Mmarekani unaweza kuuomba baada ya miaka 3 ya ukaazi, na fomu yake ina nafasi ya kuomba jina jipya, kwa hiyo ukisita sasa hujafungiwa mlango. Ila nchi yetu hairuhusu mtu mzima awe na uraia wa nchi mbili. Hilo sitaki kulisikia kwa simu. Njoo tuliongee hapa nyumbani.

Cheti cha kuzaliwa cha RITA nitakutumia wiki hii. Kile cha ubatizo, kwa kuwa ni cha Kiswahili, wakikuomba kitahitaji tafsiri kamili ya Kiingereza yenye saini ya aliyetafsiri. Kabla hujatuma I-485 nipigie picha kurasa zenye majina tu, niziangalie na mama yako.

Baba yako,
Moshi