Mume anauliza: Tanga vikapu vimekwisha?

*"Shangazi, mimi ni mtu wa Tanga, nafanya kazi Muscat mwaka wa nne sasa. Nalala chumba kimoja na Mfilipino wa kisiwa cha Samar, ambaye mama yake na majirani wanasuka mikoba kwa mkono. Nimeipenda, nataka niweke akiba yangu yote niiuze nyumbani. Mume wangu kacheka kwenye simu: 'Unatuletea vikapu, Tanga vimekwisha?' Yeye anataka hela iende kwenye paa la nyumba yetu. Nimeumia. — Mama Wawili"*

Mama Wawili, mwanangu, kicheko kimekuuma lakini swali lake lina haki ya jibu. Ukiipanga mikoba hiyo Ngamiani kando ya vikapu vya ukili, mteja atashika, atauliza bei, atashusha pumzi, ataondoka. Amezaliwa anaona mama yake akisuka.

Kwa hiyo usiuze mkoba wa majani. Uza mkoba wa Samar. Kule Basey, mji wa kisiwani humo, wanasukia tikog, nyasi za kinamasi, wanazitia rangi kali, na wapo wanaokwenda kusukia ndani ya pango la Saob kwa sababu ubaridi wake unazuia nyasi zisikauke zikakatika. Mteja wa mambo haya yuko Dar, anatafuta kitu cha sendofu ambacho wenzake hawana. Muulize shoga yako na bayong, mkoba wao wa sokoni. Mwingine husukwa kwa majani ya pandani, ndugu wa mkadi wetu huu tunaoutia kwenye kikuba. Hilo hata wifi yako litamvutia.

Akikuletea t'nalak, fungua macho. Hicho si cha Samar. Ni kitambaa cha kabila la Watboli wa Lake Sebu, kisiwa cha Mindanao, kinafumwa kwa nyuzi za abaka, jamaa ya mgomba, na michoro yake wanasema huwajia ndotoni. Mfumaji wao Lang Dulay alitunukiwa na taifa lake mwaka 1998. Kipande kimoja hula miezi. Ukiuziwa kwa bei ya kanga, umeuziwa chapa ya mashine.

Akiba yote? Hapana. Hapo niko na mumeo, kasoro kicheko. Paa kwanza, kisha mikoba kumi. Na usikubali ifungwe kwenye nailoni: safari ndefu na joto la pwani vitaifikisha na ukungu mweusi. Ianikwe kivulini, ifungwe kwa karatasi. Ni mmea mkavu, kwa hiyo forodha watauliza. Ulizia masharti kabla mzigo haujaondoka.

Huko Muscat usiuze hata mmoja. Kibali chako kimefungwa kwa mwajiri. Biashara iandikishwe Tanga, kwa BRELA wanaosajili majina ya biashara na TRA wa kodi, kwa jina lako.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni shoga yako. Ni mbia au anakuuzia tu? Mnalala chumba kimoja, na deni litalala katikati yenu. Andikeni: bei wanayotaka wasukaji wenyewe, nani analipa usafiri, mkoba ukiharibika ni hasara ya nani. Wasukaji walipwe kwanza, si baada ya wewe kuuza.

Mkoba mmoja mpe wifi yako aende nao harusini wiki mbili hizi, asiseme umetoka wapi mpaka aulizwe. Awahesabu wanaouliza, kisha niandikie.