Roka kwanza, pushrodi baadaye

Ukianza kujenga injini ya mbio, utakuta mafundi wanabishana kuhusu urefu wa pushrodi, ile fimbo inayopeleka msukumo wa kemu hadi kwenye roka. Kabla hujaingia kwenye ubishi huo, fungua kava ya tapeti uangalie roka (mikono midogo inayosukuma valvu) zimeshikwa na nini.

Kwenye V8 ndogo ya Chevrolet, ile iliyotoka 1955, kila roka inakaa kwenye stadi (bolti iliyosimama) yake. Ukiweka pushrodi ndefu zaidi kisha ukarekebisha nati upya, roka nzima inapanda. Hapo urefu wa pushrodi ndio unaoamua roka iguse wapi kwenye ncha ya valvu. Lakini injini za 4K na 5K za Toyota zina shafti moja iliyofungwa kwenye hedi (kichwa cha injini), na roka zote zimepita humo. Badilisha pushrodi upendavyo, kitakachosogea ni skrubu ya tapeti tu. Mguso unabadilika ukiinua shafti kwa shimu (vipande vyembamba vya chuma) chini ya stendi zake. Watu wananunua pushrodi seti baada ya seti kwa injini ya shafti na alama ya mguso haihami hata kidogo!

Kwa hizo za shafti, kusaga hedi hakuharibu mguso, maana shafti na valvu vinashuka pamoja. Pushrodi tu ndiyo inakuwa ndefu kupita kiasi. Kinachoharibu ni kukata siti ya valvu mpaka valvu izame ndani ya hedi na ncha yake ipande, au kemu inayonyanyua valvu zaidi.

Kupima mguso: ondoa springi ngumu za valvu, weka laini. Paka wino wa maka peni kwenye ncha ya valvu, rekebisha tapeti, zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili, kisha toa roka uone wino ulipofutika. Wengi wanahangaika alama iwe katikati. Mimi naangalia wembamba kwanza: alama pana maana yake roka inaisukuma valvu kwa ubavu, na gaidi (bomba linaloshikilia shina la valvu) ndiyo inayolika. Huwa nyembamba zaidi pale ambapo, valvu ikiwa nusu ya safari yake, roka imekaa karibu nyuzi 90 na shina.

Mwisho, pima nafasi kati ya valvu na pistoni: weka plastisini juu ya pistoni, zungusha krenki, kisha pima unene uliobaki pale valvu ilipoibonyeza, na gasketi ya hedi iwe ya unene uleule utakaotumia. Acha angalau milimita 2 kwa valvu ya kuingiza na 2.5 kwa ya kutoa moshi. Hiyo ya moshi inarefuka kwa joto, na springi ikichoka kwenye mwendo mkali pistoni inaifukuzia kwa nyuma.