Wasomaji Wauliza: Je, Mwili Unaweza Kuikataa Nyonga ya Chuma?

Mwezi huu tumechagua barua za nyonga peke yake, kwa kuwa zimekuja nyingi na karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti.

Nina miaka 61, nimepangiwa kubadilishwa nyonga ya kulia mwezi ujao. Jirani yangu alifanyiwa operesheni hiyo hiyo, mguu ukavimba, mshono ukatoa usaha, mwishowe chuma kikatolewa. Watu wanasema mwili wake ulikikataa. Je, kuna kipimo cha kujua mapema kama wangu utakubali? Na nitameza dawa maisha yote kama waliopandikizwa figo? – Mama wa Walukuba, Jinja

Mama, kipimo hicho hakipo kwa sababu hakina kazi. Figo ya kupandikizwa ni nyama hai ya mtu mwingine. Chembe zake zina alama ambazo kinga yako inazisoma na kujua si zako, ndiyo maana mgonjwa hulinganishwa kwanza na mtoaji, kisha akameza dawa za kupunguza makali ya kinga. Nyonga bandia haina chembe hai hata moja, kwa hiyo hakuna alama za kusomwa. Damu utakayotolewa ni ya kujua kundi lako, ikiwa utahitaji kuongezewa, pamoja na vipimo vya kawaida. Dawa za kushusha kinga hutapewa.

Utakachowekewa kwa kawaida ni vipande vinne: shina linaloingia ndani ya fupa la paja, kichwa cha duara cha milimita 28, 32 au 36, kikombe kinachokaa kwenye tundu la nyonga, na bitana ya plastiki ngumu ndani ya kikombe, ambamo kichwa huzunguka. Shina na kikombe visivyotumia saruji ya mfupa (gundi ngumu ya kushikiza chuma kwenye mfupa) huwa vya titani, na mfupa unaipenda titani. Brånemark, mtafiti wa Sweden, aliligundua hilo katika miaka ya 1950 alipotaka kutoa vifaa vya titani kwenye mifupa ya sungura akakuta vimeshikana na mfupa, havitoki. Daktari huchonga tundu likawa dogo kidogo kuliko kikombe, pengine kwa milimita 1, kisha hukigonga kikaingia kwa kubanwa. Baada ya hapo mfupa huota na kuingia kwenye vinyweleo vya chuma kwa wiki 6 hadi 12.

Tukirudi kwa jirani yako, usaha ni kazi ya vijidudu. Aghalabu ni bakteria wa ngozini aina ya stafilokoka. Wakifika kwenye chuma hujishikiza na kujijengea utando wa ute. Chuma hakina mishipa ya damu, kwa hiyo askari wa kinga na antibayotiki hawawafikii vizuri chini ya utando huo. Ndiyo maana vidonge vya duka la dawa hukausha usaha wiki mbili, kisha unarudi. Tatizo likigunduliwa ndani ya wiki 3 au 4 tangu dalili zianze, daktari anaweza kufungua, kuosha, kubadilisha kichwa na bitana, na kuliacha shina mahali pake. Likicheleweshwa, utando hukomaa na mara nyingi chuma chote hutolewa. Katika hospitali zenye vifaa kamili, maambukizi ya namna hii huwapata takriban watu 1 au 2 kati ya 100.

Basi wasiwasi wako uuhamishie kwenye vijidudu, maana huko una la kufanya. Kama una kisukari, pima HbA1c sasa, yaani wastani wa sukari ya damu kwa miezi kama 3 iliyopita; madaktari wengi huahirisha operesheni ikizidi asilimia 8. Jino lenye usaha litibiwe au ling'olewe kabla ya kulazwa. Jipu, kidonda cha mguu, na hata fangasi katikati ya vidole vya miguu, vyote vionyeshwe daktari, kwani ngozi iliyochanika ni mlango. Ukiwa umechomwa sindano ya steroidi kwenye nyonga hiyo, miezi 3 ipite kwanza. Sigara iachwe angalau wiki 4 kabla. Upungufu wa damu utibiwe mapema badala ya kungoja chupa ya damu wodini.

Tena, asikuchanje mtu. Tunajua dawa ya maumivu ya nyonga kwa wengi huanzia kwa mganga: wembe, chale kadhaa pajani, unga mweusi unapakwa. Chale mbichi mahali pale pale daktari atakapopasua ni sababu tosha ya kukurudisha nyumbani. Usijinyoe pia kwa wembe usiku wa kuamkia operesheni; nywele zikihitaji kuondolewa, hospitali itatumia mashine. Oga kwa sabuni usiku huo na asubuhi yake, uvae nguo safi.

Siku yenyewe muulize mtu wa ganzi kama sindano ya antibayotiki imeshaingia. Inayotumika sana ni sefazolini gramu 2, ndani ya dakika 60 kabla ya kisu kugusa ngozi. Mwenye kilo zaidi ya 120 hupewa gramu 3. Kuuliza si utovu wa adabu.

Hereni za bei rahisi hunitoa maji masikioni, na kifungo cha jinzi hunitoa vipele tumboni. Itakuwaje nikiwekewa chuma kizima ndani? – Msomaji, Arua

Hiyo ni nikeli, na mzio wako ni wa kweli. Lakini ngozi na mfupa havina tabia moja. Watu wengi wenye vipele kama vyako hukaa na nyonga bandia miaka mingi bila shida, na mzio wa metali kuharibu nyonga ni jambo la nadra sana. Hata hivyo hakuna sababu ya kubahatisha wakati mnaweza kuchagua.

Chuma kisichoshika kutu kinachotumika hospitalini kina nikeli zaidi ya asilimia 10. Aloi ya kobalti na kromu ina chini ya asilimia 1. Titani karibu haina kabisa. Kwako mpangilio unaofaa ni shina na kikombe cha titani, bitana ya plastiki na kichwa cha kauri. Mashina ya kushikishwa kwa saruji, ambayo wazee wenye mifupa laini hupewa sana, aghalabu huwa ya chuma kisichoshika kutu au ya kobalti na kromu. Kwa hiyo mweleze daktari kliniki, kabla vifaa havijaagizwa. Ukisema ukiwa umelala mezani umechelewa, kwa kuwa si kila stoo ina kila aina. Taja pia plasta, ayodini au dawa yoyote inayokudhuru. Saruji ya mfupa mara nyingi huchanganywa na jentamaisini, ambayo ni antibayotiki.

Kipimo cha kubandika metali ngozini kipo, ila majibu yake hayatabiri vizuri kitakachotokea ndani ya nyonga, na wengi hawahitaji kukifanya.

Huenda pia umesoma habari za nyonga zilizooza nyama. Hizo zilikuwa za kichwa cha chuma kinachosugua kikombe cha chuma, zikamwaga kobalti na kromu kwenye kiungo. Kampuni ya DePuy iliiondoa sokoni aina yake ya ASR mwaka 2010. Uliza tu kichwa chako kitasugua nini. Jibu likiwa plastiki au kauri, habari hizo si zako.

Mwanangu ana sikoseli, miaka 29. Eksirei imeonyesha kichwa cha fupa la paja kimekufa. Je, mwili dhaifu kama wake utakikubali chuma? – Baba, Iganga

Mzee, utakikubali, ila maandalizi yake ni mazito kuliko ya wengine. Sikoseli huziba mishipa midogo inayolisha kichwa cha fupa, ndiyo maana kijana amefika hapo kabla ya uzee. Apasuliwe akiwa mzima, si wiki aliyotoka kwenye maumivu makali. Kwa kawaida kiwango cha damu (hemoglobini) hupandishwa hadi karibu gramu 10 kwa desilita kabla ya operesheni. Asikae na kiu: kama atakatazwa kunywa tangu usiku, dripu ianze usiku huo huo. Apate blanketi na oksijeni, kwa sababu baridi na hewa kidogo huamsha maumivu. Ndani, mfereji wa fupa huwa mwembamba na mgumu, na fupa linaweza kupasuka shina linapoingizwa, kwa hiyo tafuteni daktari aliyezoea nyonga za sikoseli. Hatari ya vijidudu nayo ni kubwa zaidi kwake. Daktari wa damu na wa mifupa wakae pamoja kabla tarehe haijapangwa.

Niliwekewa nyonga mwaka 2006 na ilinitumikia vizuri. Sasa paja linauma nikianza kutembea, nikishapiga hatua kadhaa linatulia. Mwili umeichoka? – Mwanajeshi mstaafu, Kasese

Afande, maumivu ya mwanzo wa mwendo namna hiyo hutufanya tushuku shina limelegea. Kila hatua, kichwa husugua plastiki na kuacha chembechembe ndogo mno. Chembe-walaji za mwili huzimeza, hushindwa kuzisaga, na katika vurugu hiyo huchochea mfupa wa jirani uliwe. Hapa kinga ya mwili inahusika kweli, lakini adui wake ni vumbi la plastiki. Nyonga karibu 9 kati ya 10 hufikisha miaka 15, na kama 6 kati ya 10 hufikisha 25, kwa hiyo yako haijakuonea.

Piga eksirei mpya ukaende nayo pamoja na ya zamani, kwa sababu mstari mweusi kando ya shina unasomeka vizuri zaidi ukilinganishwa. Kabla ya kukubali kuwa ni kulegea tu, ipimwe CRP ya damu, kipimo kinachopanda mwili ukiwa na uvimbe au vijidudu, na ikiwa juu maji ya kiungo yavutwe kwa sindano yakaoteshwe maabara. Usimeze antibayotiki kabla ya hapo. Zikiwa mwilini vijidudu haviotei maabara, na daktari atalazimika kungoja kama wiki 2. Tafuta pia kibandiko cha kifaa kwenye faili lako la zamani. Kina jina la aina, saizi na namba. Bila hicho, anayebadilisha hajui aagize kichwa gani.

Kwetu mwanamke husalimia wakubwa akipiga magoti, na choo chetu ni cha kuchuchumaa. Nikifanya hivyo mwili utakitoa chuma? – Mama, Luweero

Chuma kinaweza kuchomoka kwenye kikombe, jambo ambalo watu nalo huliita kukataliwa. Ukipasuliwa kwa nyuma, mikao ya hatari ni kukunja nyonga kupita pembe mraba, kupishanisha miguu, na kugeuza mguu ndani. Kuchuchumaa kunakusanya karibu yote. Fundi seremala akutengenezee kiti imara chenye tundu cha kuweka juu ya shimo, kimo chake kipite bonde la goti lako kwa sentimita 5 hivi, na pawe na mbao ya kushika ukiinuka. Kiwe tayari kabla hujalazwa.

Magoti yangoje ruhusa ya daktari, mara nyingi baada ya miezi 3. Ukiruhusiwa, shika kiti, mguu mzima utangulie mbele, goti la upande uliopasuliwa ndilo lishuke chini, na usiiname mbele sana. Kwa sasa salimia umesimama. Hakuna mkwe wa kukasirika akishaonyeshwa magongo.

Ukisikia mlio, maumivu makali ya ghafla, na mguu umekuwa mfupi na kugeuka ndani, umechomoka. Asikuvute fundi wa mifupa wa kijijini, wala usipakiwe bodaboda. Tafuteni gari la kulala, fikeni hospitali yenye eksirei ndani ya saa chache, na usile wala kunywa njiani, kwa kuwa utahitaji dawa ya usingizi ndipo urudishwe.