Mghushi wa hati za dini aliyegeuka muuaji: alikuwa anatafuta nini?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimesoma habari za Mark Hofmann, yule Mmarekani aliyeghushi nyaraka za Wamormoni (waumini wa kanisa lililoanzishwa Marekani na Joseph Smith) kisha akaua watu wawili kwa mabomu mwaka 1985. Nashindwa kuunganisha mambo. Mtu mwenye subira ya kukaa akiiga mwandiko wa karne iliyopita anafikaje kwenye bomu? Alilichukia kanisa lake, alitaka pesa, au alikuwa na wazimu? Na nyinyi wachunguzi wa nyaraka mlishindwaje kumgundua mapema? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba. Umeuliza kama jambo moja, lakini mimi naona mawili. Kilichomfanya Hofmann aghushi sicho kilichomfanya aue, na anayetafuta sababu moja ya vyote viwili atatafuta mpaka kesho.

Alizaliwa Salt Lake City, jimbo la Utah, mwaka 1954, katika familia iliyoshika dini. Akiwa kijana alitumwa Uingereza kuhubiri, kama ilivyo desturi kwa vijana wa kanisa hilo. Baadaye alikuja kueleza kwamba imani ilikuwa imemtoka zamani, tangu ana miaka 14 hivi. Ina maana alihubiri, akaoa na kuketi kanisani kama muumini huku haamini. Alipoanza kughushi alikuwa tayari na miaka mingi ya mazoezi ya kuwadanganya watu wanaompenda.

Alisimulia pia kwamba utotoni aligeuza alama kwenye sarafu ya senti 10, na wataalamu wa Hazina ya Marekani wakaithibitisha kuwa halali. Hiyo ni simulizi yake mwenyewe, na huyu ni mwongo wa kazi, kwa hiyo usiimeze nzima. Linalonishughulisha mimi ni funzo alilodai kulipata: mtaalamu akishasema kitu ni halisi, basi kimekuwa halisi. Kwake ukweli ulikuwa mhuri tu. Katika kazi yangu nimekutana na walioghushi wosia na saini za hati za viwanja, na wengi wao wanajua wameiba. Hofmann aliona kwamba mnunuzi akiridhika, hakuna aliyedhulumiwa.

Mwaka 1980 alijitokeza na karatasi aliyosema ameikuta ndani ya Biblia ya karne ya 17. Ilidaiwa kuwa ndiyo ile yenye herufi ambazo nabii Joseph Smith alizinakili kutoka kwenye mabamba ya dhahabu ambayo Wamormoni wanaamini alionyeshwa na malaika, karatasi ambayo mfuasi wake Martin Harris aliipeleka kwa Profesa Charles Anthon, msomi wa lugha za kale, huko New York mwaka 1828. Kanisa likampa vitu vya kale vya thamani ya takriban dola 20,000. Hapa ndipo penye ufundi wake hasa, kuliko hata kwenye wino. Alisoma historia kwanza, akatafuta pengo, yaani hati ambayo kila mtu anajua iliwahi kuwepo na hakuna anayejua ilipo. Mnunuzi alikuwa ameshaisubiri maisha yake yote.

Je, alilichukia kanisa? Barua maarufu kuliko zote inaelekea kusema ndiyo. Ilibandikwa jina la Martin Harris na tarehe ya mwaka 1830, na ndani yake, badala ya malaika kumtokea Joseph Smith, anatokea salamanda mweupe, kiumbe kama mjusi, kama vile mambo ya uganga. Steven Christensen, mfanyabiashara aliyependa historia, aliinunua kwa dola 40,000 mwaka 1984, na mwaka uliofuata akaikabidhi kanisa. Ilitikisa watu. Lakini Hofmann huyohuyo alighushi Kiapo cha Mtu Huru, karatasi iliyochapwa Massachusetts karne ya 17 na isiyobaki hata nakala moja, akataka kuiuza kwa Maktaba ya Bunge la Marekani kwa dola milioni 1.5. Hiyo haina uhusiano wowote na Wamormoni. Chuki ilikuwepo, lakini ilikuwa kiungo, haikuwa chakula. Chakula kilikuwa ule utamu wa kuwatazama wasomi na viongozi wakiinamia karatasi aliyoiandika yeye nyumbani kwake.

Sasa mauaji. Hapa weka saikolojia pembeni, ushike kalenda na daftari la madeni. Hofmann aliishi kwa gharama kubwa, akinunua vitabu adimu vya kweli kwa pesa za hati za uongo, akikopa huku ili alipe kule, kama mtu wa upatu. Mwaka 1985 alianza kuahidi mkusanyo wa nyaraka za William McLellin, mtume wa zamani aliyelihama kanisa. Kwa ahadi hiyo alipata mkopo wa benki wa dola 185,000, huku wengine pia wakiwa wameshamlipa. Mkusanyo wenyewe hakuwa nao. Barua moja unaweza kuighushi ukijipa muda, lakini makasha mazima ya nyaraka huwezi kuyamaliza katika wiki chache. Pesa za kile Kiapo nazo hazikuja. Christensen ndiye aliyekuwa akisimamia mauzo, naye ndiye angeyakagua makaratasi siku ya makabidhiano.

Asubuhi ya tarehe 15 Oktoba 1985, Christensen aliokota kifurushi mlangoni mwa ofisi yake. Lilikuwa bomu. Saa chache baadaye la pili likamuua Kathy Sheets nyumbani kwake. Mumewe, Gary, alikuwa mshirika wa zamani wa Christensen katika kampuni iliyokuwa inaporomoka, na Hofmann alitaka polisi wadhani ni wawekezaji wenye hasira. Kwa hiyo bomu la kwanza lilikuwa la kununua muda, na la pili lilighushi sababu ya la kwanza. Kesho yake la tatu likalipuka ndani ya gari la Hofmann mwenyewe, likamjeruhi.

Kuhusu wazimu, simwoni hapo. Mwaka 1987 alikiri makosa kwa makubaliano yaliyomlazimu kueleza alivyofanya, na maelezo yake yana mpangilio wa fundi. Linalotisha ni jingine: aliueleza mtego wa nyumba ya Sheets karibu kama mchezo, kwamba hakujali angekufa nani, mtoto au hata mbwa. Bodi ya parole ilimwambia mwaka 1988 kwamba atabaki gerezani maisha yake yote.

Sisi wachunguzi hatuna cha kujisifia. Hati zake zilipita mikononi mwa watu wenye majina makubwa, hata maabara ya FBI haikuona kasoro. George Throckmorton na William Flynn ndio walioona, baada ya vifo. Chini ya hadubini wino ulikuwa na nyufa ndogondogo kama ngozi ya mamba, kwa sababu aliuzeesha kwa kemikali wino wenye gundi ya mti. Wakalinganisha na hati nyingine nyingi za kipindi kile, na nyufa zilionekana tu kwenye zile zilizopitia kwake.

Ila kuna waliomshuku mapema bila hadubini. Jerald Tanner na mkewe Sandra walikuwa wapinzani wa kanisa, na ile barua ya salamanda ingewafaa sana. Mwaka 1984 huohuo Jerald aliitilia shaka kwa maandishi, kwa kuwa ilifanana mno na yaliyomo katika kitabu cha mwaka 1834 cha kulipinga kanisa.

Wengine hawakuwa waangalifu hivyo. Mwaka 1997, Hofmann akiwa gerezani miaka kumi, shairi lililodaiwa kuwa la mkono wa Emily Dickinson liliuzwa mnadani Sotheby's kwa maktaba ya Amherst, mji aliokulia mshairi huyo, kwa dola 21,000. Lilikuwa kazi ya Hofmann.