Canon 17-40mm ya mtumba: ipi ni tabia ya lenzi, upi ni ugonjwa

Canon EF 17-40mm f/4L ilitoka mwaka 2003, na mpaka leo ni moja ya lenzi pana za zumu ambazo mtu anaweza kuzipata mtumba bila kuhangaika sana. Ina uzito wa gramu 475 hivi, hairefuki kwa nje unapozungusha zumu, inachukua filta ya milimita 77, na umbo lake limejengwa kwa kazi. Aliye na Nikon, Tokina au Sigma ya rika hilo atakuta mengi ya humu yanamhusu pia.

Wanaoanza hukosea kwa namna mbili. Wapo wanaoikataa lenzi nzima kwa sababu pembe za picha si kali, na wapo wanaonunua lenzi mbovu kwa sababu kioo cha mbele kinang'aa. Wote wawili hawajatenganisha tabia na ugonjwa. Tabia ni ile ambayo kila 17-40 imezaliwa nayo, na dawa yake iko kwenye namna unavyopiga. Ugonjwa ni wa hiyo moja tu uliyoishika mkononi, na dawa yake ni fundi au kumrudishia muuzaji lenzi yake.

Kwanza angalia kamera uliyo nayo. Kwenye fulu fremu (kamera yenye sensa kubwa, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga) kama 5D au 6D, milimita 17 ni pana kwelikweli. Kwenye kamera za sensa ndogo kama 600D au 700D, lenzi hiyohiyo inaona kama 27-64mm: nzuri kwa matembezi, lakini chumbani utagonga ukuta kwa mgongo. Mwenye sensa ndogo atafute EF-S 10-22mm ya mwaka 2004, akijua kwamba haitaingia siku akihamia fulu fremu ya Canon kama 5D, au Tokina 11-16mm f/2.8. Wa Nikon wawe macho na hiyo Tokina: toleo la kwanza halina mota ndani, kwa hiyo kamera ndogo za D3000 na D5000 hazitaweza kuifokasi zenyewe. Mwenye EOS R (kamera mpya za Canon zenye mdomo tofauti) anahitaji adapta tu. Adapta hiyo haina kioo ndani, kwa hiyo haipunguzi ubora wa picha.

Kabla ya kulipa

Nenda na kamera yako, memori kadi yenye nafasi na tochi ndogo yenye mwanga mkali. Nusu saa inatosha, na muuzaji asiyekupa nusu saa hiyo muache.

Anza na tochi. Lenzi za EF zikitolewa kwenye kamera, apecha (tundu la kupitishia mwanga; f/4 ni tundu kubwa, f/11 ni dogo) hubaki wazi, hivyo utaona mpaka ndani. Vua vifuniko vyote viwili, mulika kutoka nyuma kwa mshazari, chungulia kwa mbele huku ukizungusha zumu kutoka 17 hadi 40, kisha geuza. Vumbi ni nukta nukta. Chembe kumi au ishirini hazina neno, huwezi kuziona kwenye picha. Fangasi ni nyuzi zenye matawi, mfano wa utando wa buibui, na mara nyingi huanzia ukingoni mwa kioo. Ukiona weupe mwepesi kama mtu aliyepulizia pumzi kwenye kioo cha dirisha, huo ni ukungu wa ndani, na picha zako zote zitakosa weusi wa kweli. Rangi za upinde wa mvua zilizojikusanya ukingoni maana yake gundi inayoshikanisha vioo viwili imeanza kuachia. Hayo matatu ya mwisho ni ugonjwa.

Usikubali kuambiwa kwamba fangasi "inasafishwa tu". Ikikaa muda mrefu inakula rangi nyembamba ya kinga iliyopakwa kwenye kioo, na alama hiyo haitoki. Tena fundi akifungua lenzi pana ni lazima arudishe kila kioo kwenye mhimili wake hasa. Akikosea kidogo tu, umetibu fangasi ukapata lenzi iliyopinda.

Mkwaruzo mdogo wa kioo cha mbele hauna madhara makubwa mpaka uelekeze lenzi kwenye jua au taa. Wa kioo cha nyuma, kile kilicho karibu na sensa, ndio wa kuogopa.

Sasa funga lenzi kwenye kamera na ufanye jaribio ambalo wengi hulisahau. Weka f/4, piga. Kisha weka f/11, piga picha moja kwenye 17, nyingine 24, nyingine 35, nyingine 40. Kwenye f/4 bapa za apecha hazisogei hata kidogo, kwa hiyo lenzi yenye tatizo la apecha itapiga vizuri kabisa mbele yako dukani. Ukifika f/11 ndipo kamera inapokwama na kuandika Err 01. Sababu yake ni utepe mwembamba wa umeme unaokwenda kwenye apecha: unakunjwa na kukunjuliwa kila zumu inapozunguka, na baada ya miaka mingi unakatika. Unaweza kukatika nusu, ukafanya kazi kwenye 17 na kugoma kwenye 35, ndiyo maana unapiga sehemu zote nne. Ujumbe ukitokea, futa vile viguso vya dhahabu vya nyuma kwa kitambaa kikavu ujaribu tena. Ukirudi kwenye f/11 tu, ni utepe. Unabadilishwa, lakini gharama hiyo itoke kwenye bei ya muuzaji.

Jaribio la pili ni la mhimili. Tafuta jengo refu la mbali, au ukuta mpana wa matofali. Weka kamera kwenye stendi, 17mm, f/8, fokasi katikati kwa kukuza skrini mara kumi. Piga, kisha linganisha upande wa kushoto na wa kulia. Pembe zote nne zikiwa zimelegea sawasawa, hiyo ni tabia. Upande mmoja ukiwa mkali na mwingine kama umepakwa mafuta, usihukumu bado, maana huenda hukusimama sambamba na ukuta. Pindua kamera juu chini bila kusogea ulipo, upige tena. Ukitazama picha ya pili, weka ukuta wima kama kawaida. Ulegevu ukibaki kwenye matofali yaleyale, kosa ni la msimamo wako. Ukihamia upande mwingine wa ukuta, umefuata lenzi, na lenzi hiyo imepinda, pengine ilianguka. Irudishe.

Yaliyobaki ni ya haraka. Ringi ya zumu izunguke bila kukwaruza. Ukisikia chembe zinasagika, huo ni mchanga wa ufukweni. Fokasi iwe kimya na ya haraka. Mlio wa kukereza ni mota inayochoka. Mpira mwembamba unaozunguka ringi ya chuma ya nyuma uwepo na usiwe umepasuka. Nyingi za matoleo ya awali zina herufi ndogo nyuma zinazotaja zilipotengenezwa: UT05 maana yake kiwanda cha Utsunomiya, Mei 2005, kwa kuwa R ni 2003, S 2004, T 2005, na kuendelea hivyo.

Ukishaichukua

Pembe kulegea kwenye f/4 ni tabia, na pembe kugiza pia. Kwenye 17mm lenzi hii inataka f/8 au f/11 ikiwa unahitaji picha kali mpaka ukingoni. Usikimbilie f/22, huko picha nzima inalainika kwa sababu mwanga unatawanyika unapopita kwenye tundu dogo. Mistari kupinda kidogo kuelekea nje, na kijani au zambarau kwenye kingo za majani dhidi ya anga, vinarekebishwa kwa mbofyo mmoja kwenye Lightroom, au kwenye Darktable ambayo ni ya bure. Piga RAW (faili ghafi la kamera, si JPEG) ili urekebishaji huo uwe na nafasi.

Kwa picha za mitaani, zima fokasi ya kamera. Kwenye fulu fremu, 17mm na f/8, ukifokasi mita 1.2 utapata ukali unaokubalika kuanzia sentimita 60 mpaka upeo wa macho. Kwenye 24mm, f/8, fokasi mita 2.4 na ukali unaanzia mita 1.2. Fokasi kitu kilicho umbali huo, sukuma swichi kwenye MF (fokasi ya mkono), kisha usiiguse ringi tena. Ukipita sokoni hutasubiri kamera itafute uso; unainua na kupiga. Ukitaka kuchapisha kwa ukubwa, shuka f/11, maana hesabu hizo ni za macho ya kawaida na kamera za leo zinaonyesha kila ulegevu. Shata (muda wa kuingiza mwanga) iwe 1/250 ya sekunde kwa watu wanaotembea, 1/500 kwa bodaboda. Lenzi haina kituliza mtikisiko, lakini kwenye 17mm mkono uliotulia unaweza 1/30 kwa vitu visivyosogea. Jioni, f/4 na ISO (wepesi wa sensa kuhisi mwanga) 3200, bila aibu. Chembechembe kwenye picha zinavumilika kuliko picha iliyotikisika.

Kubwa kuliko yote ni umbali. Watu wananunua lenzi pana "ili vitu vyote viingie", wanasimama mbali, na wanapata picha yenye vitu vingi vidogo vidogo na lami nyingi chini. Milimita 17 ni ya kusogelea. Simama mbele ya mlango wa nakshi wa Mji Mkongwe, Zanzibar. Ukirudi nyuma mpaka mlango wote uingie, umepata mlango. Sasa usogelee. Lenzi hii inafokasi kuanzia sentimita 28, na hizo zinahesabiwa kutoka kwenye sensa, si kutoka kwenye kioo; ukitoa urefu wa lenzi na nafasi ya ndani ya kamera, kioo cha mbele kinabaki kama sentimita 14 tu kutoka kwenye mlango. Weka msumari mmoja mkubwa wa shaba karibu hivyo, chini kushoto kwenye fremu. Msumari unajaa, michubuko ya shaba inaonekana, ubao unakimbia juu kuelekea kwenye nakshi, na upande wa kulia kichochoro kinaingia ndani pamoja na mtu anayepita. Picha moja ina karibu, kati na mbali. Hapo f/11 inahitajika, na bado mbali patalainika kidogo. Hilo halina shida, macho yameshaelekezwa pa kuanzia.

Kwa watu, ukaribu huohuo una sheria kali. Aliye ukingoni mwa fremu kwenye 17mm anavutwa upande: kichwa kinakuwa yai, mkono unanenepa. Kwenye picha ya pamoja ya harusi usiwahi kumweka mama mzazi pembeni kwa 17mm. Rudi nyuma hatua tatu, zungusha zumu mpaka 35, na acha nafasi tupu kila upande. Chumba kikiwa kidogo na hakuna pa kurudi, wapange watu mstari wa upinde, wa pembeni wakae nyuma kidogo, kamera iwe usawa wa vifua vyao. Uso mmoja kwa 17mm kutoka karibu unakuza pua. Si kosa la kioo, ni umbali wako.

Shika kamera sawa. Ukiielekeza juu kidogo tu, minara na milingoti inaegemeana kama nyumba inayoanguka. Washa gridi kwenye skrini, weka upeo katikati, halafu kata sehemu ya chini baadaye. Au inamisha kwa makusudi, sana, ili aonaye ajue umetaka hivyo. Kuinamisha nusu nusu ndiko kunakoharibu.

Jua likiwa ndani ya fremu, jifiche nyuma ya tawi au pembe ya jengo kiasi jua lichungulie, weka f/16: bapa saba za apecha zinatoa nyota ya miale 14. Kabla ya hapo futa kioo cha mbele, maana alama moja ya kidole inatosha kuleta ukungu mweupe picha nzima. Filta ya polaraizi (inayokoleza bluu ya anga) iache ndani ya begi unapopiga anga kwenye 17mm. Anga linatoka na doa jeusi upande mmoja kwa kuwa lenzi inaona eneo kubwa kuliko uwezo wa filta.

Utunzaji wa pwani

Sehemu ya mbele ya lenzi hii inaenda mbele na nyuma ndani ya ganda lake unapozungusha zumu, hivyo inavuta hewa na vumbi. Canon wenyewe wanaelekeza iwekwe filta mbele ndipo kinga yake dhidi ya vumbi na maji ikamilike. Nunua filta nyembamba na nzuri. Nene inakata pembe, na ya ovyo inazalisha taa za uongo usiku. Usibandike mbili pamoja.

Fangasi imo hewani kila mahali, na kinachoiamsha ni unyevu. Kwa Dar, Mombasa au Muscat, mfuko wa ngozi wa lenzi ni kitanda chake. Tumia kopo la plastiki la chakula lenye mpira kwenye mfuniko, gramu 200 za silika jeli kwa kopo la lita 10, na kipima unyevu kidogo ndani. Lenga asilimia 40 hadi 50. Punje za chungwa zikigeuka kijani zimeshiba. Ziweke ovenini kwenye nyuzi 120 kwa saa mbili mpaka rangi irudi, ziache zipoe zikiwa zimefunikwa.

Na ukitoka kwenye gari au chumba chenye kiyoyozi kwenda nje kwenye joto, acha lenzi ndani ya begi lililofungwa kwa dakika 20 hadi 30 kwanza. Ukiitoa mara moja, kioo kitatoa jasho. Ikitokea, usifute wala usifungue filta, maana hewa yenye unyevu itaingia nyuma yake. Iache itulie mpaka ikauke yenyewe.